Chumvi Mbili za Mwili: Potasiamu, Ng'ombe Wetu na Panya Mwenye Sumu

Mgeni anayetajwa kuliko wote waliowahi kulala katika misitu yetu ya Nyeri ni binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Alikesha Treetops usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 akiwatazama wanyama, na kulipokucha baba yake alikuwa amefariki, naye amekuwa malkia. Hayo tumeyasoma katika historia. Jambo ambalo kitabu cha historia hakikutuambia ni hili: wanyama wale walifuata nini pale usiku? Ndovu hana habari na binti mfalme. Walifuata maji na udongo wa chumvi.

Hata leo ukipanda milima ya Nyandarua utakuta sehemu zilizochimbwa na ndimi na pembe hadi zikawa mashimo. Kule Mlima Elgon ndovu huingia ndani kabisa ya pango la Kitum, kwenye giza totoro, wakapapasa ukuta kwa mkonga na kuuvunja kwa pembe ili wapate chumvi iliyomo kwenye mwamba. Wazee wetu nao walilijua jambo hilo. Chumvi kwa Kikuyu ni munyu, na ndilo jina la udongo ambao mbuzi na ng'ombe walipelekwa kuulamba. Siku hizi munyu hununuliwa dukani Karatina au Othaya kwa kilo, lakini hamu ya ng'ombe ni ile ile.

Sasa swali. Chumvi ipi hiyo inayotafutwa kwa taabu namna hii? Ni sodiamu. Na kwa nini mnyama asitafute potasiamu, ambayo mwili unaihitaji vilevile? Kwa sababu potasiamu anayo tele, tena kupita kiasi. Majani yote yamejaa potasiamu na yana sodiamu kidogo mno. Kwa hiyo mla majani yeyote, awe ndovu, nyati, mbuzi au ng'ombe wa zizini, ni tajiri wa potasiamu na fukara wa sodiamu tangu siku anapoachishwa ziwa. Maisha yake yote mwili wake una kazi mbili: kuishikilia ile moja na kuitupa nje ile nyingine. Makala haya yanahusu hiyo inayotupwa, maana ndiyo isiyosemwa sana, na ikikosea njia huua.

Kwanza jina. Wenzetu Waluhya huchoma maganda makavu ya maharagwe, wakayachuja majivu kwa maji, na maji hayo, musherekha, hutiwa katika kunde na mrenda ili mboga ilainike. Chumvi iliyomo ndani ya maji hayo kwa sehemu kubwa ni ya potasiamu, maana mmea ukichomwa potasiamu yake haipotei na moshi, hubaki kwenye majivu. Waarabu waliyaita majivu ya namna hiyo al-qali, na Wazungu wakalichukua neno hilo wakapata alkali, kisha kalium. Ndiyo sababu alama ya potasiamu katika jedwali la kemia ni K, jambo ambalo huwasumbua wengi wa Kidato cha Kwanza. Chuma chenyewe, laini kama siagi na kinachowaka kikiguswa na maji, kilitolewa mara ya kwanza na Humphry Davy mjini London mwaka 1807 kwa kupitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa. Na ile K iliyoandikwa kwenye gunia la mbolea ya N.P.K. ya kahawa ni hiyo hiyo. Tafadhali ikumbuke K hiyo ya mbolea, tutaihitaji mbele.

Hebu sasa tuingie ndani ya mwili. Mwili wa mnyama ni seli zilizolowa katika maji. Kuna maji ya ndani ya seli na maji ya nje, yakiwemo ya damu. Mtu angefikiri maji hayo ni ya namna moja, kwa kuwa utando unaoyatenga ni mwembamba ajabu. La hasha! Ndani ya seli kuna potasiamu kama milimoli 140 katika kila lita, na nje, katika damu, kuna milimoli 4 au 5 tu. Sodiamu ni kinyume chake: nje kama 140, ndani kama 10 hadi 15. Hao ni ndugu wawili wasiokaa chumba kimoja. Katika kila gramu 100 za potasiamu ya mwili, karibu gramu 98 zimo ndani ya seli, nyingi katika misuli.

Wasiache kuchanganyika kwa nini? Kwa sababu kila seli ina pampu zisizohesabika katika utando wake. Kila pampu ikizunguka mara moja hutoa nje sodiamu tatu na kuingiza ndani potasiamu mbili, na kazi hiyo hula nguvu nyingi za mwili, usiku na mchana, hata umelala fofofo katika kipindi cha pili baada ya chakula cha mchana. Aliyeigundua ni Jens Christian Skou wa Denmark, aliyekuwa akichunguza mishipa ya fahamu iliyotolewa miguuni mwa kaa wa pwani. Alichapisha habari zake mwaka 1957 na akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997, miaka 40 baadaye.

Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo betri ya mwili. Mshipa wa fahamu unapopeleka habari, milango midogo hufunguka, sodiamu huingia na potasiamu hutoka, na mshtuko wa umeme hukimbia. Msuli ukijikunja, ni hivyo hivyo. Moyo ukidunda, ni hivyo hivyo. Basi potasiamu ya nje ikizidi kidogo tu, tuseme kutoka 4 hadi 8, betri inapungua nguvu: moyo hupiga polepole, hukosa mpangilio, kisha husimama. Ikipungua mno, misuli hulegea kama kamba mbichi. Mwili hauna nafasi kubwa ya kucheza.

Hapa ndipo mahesabu yanapotisha, na ninawaomba wale wanaochukia hesabu wavumilie aya moja tu. Chukua ng'ombe wa kilo 450, wa kawaida tu, wa kule Tetu au Mathira. Maji yaliyo nje ya seli zake ni kama lita 90. Ukizidisha kwa milimoli 4.5, kisha kwa 39, ambao ndio uzito wa atomu ya potasiamu, na kugawanya kwa 1,000, unapata karibu gramu 16. Ndiyo potasiamu yote iliyo nje ya seli katika jitu zima la ng'ombe. Sasa mtilie kilo 70 za nepia mbichi kwenye hori. Ukiondoa maji, hizo ni kama kilo 12 za majani makavu. Nepia iliyostawi inaweza kuwa na gramu 25 za potasiamu katika kila kilo kavu, pengine hata zaidi. Jumla ni gramu 300. Mnyama ambaye ana gramu 16 katika damu na majimaji yake hula gramu 300 kwa siku moja! Kama zote zingebaki pale nje kwa muda wa saa chache, angeanguka akiwa bado anatafuna.

Haanguki, kwa sababu analindwa na askari wawili, mmoja wa haraka na mmoja wa taratibu.

Wa haraka ni kule kuficha. Chakula kinapoingia, insulini hutoka katika kongosho. Sisi tumezoea kuisikia insulini katika habari za ugonjwa wa sukari, lakini kazi yake nyingine ni kuzichochea zile pampu zivute potasiamu ndani ya seli. Adrenalini nayo huchochea vivyo hivyo. Mfikirie Catherine Ndereba, mzaliwa wa hapa hapa Nyeri, aliyeshinda marathoni ya Boston mara nne, mwaka 2000, 2001, 2004 na 2005. Misuli inayokimbia namna ile humwaga potasiamu katika damu kwa kila hatua, hata kiasi chake kikapanda karibu na kile ambacho mgonjwa kitandani angekihofia. Pampu huirudisha, na dakika chache baada ya mkimbiaji kusimama mambo yametulia. Lakini kuficha si kutoa. Ghala la seli lina mwisho.

Askari wa taratibu ni figo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na potasiamu ikipanda katika damu tezi hiyo humwaga homoni iitwayo aldosteroni, ambayo ilitambuliwa London mwaka 1953. Ujumbe wake kwa figo ni mfupi: shika sodiamu, tupa potasiamu. Unaona jinsi ilivyomfaa mla majani? Homoni moja inatibu umaskini wake na utajiri wake kwa pamoja. Ng'ombe, tena, hutumia ujumbe huo huo katika mate. Hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, yenye sodiamu nyingi, akiyameza tena anapocheua. Akikosa munyu kwa muda mrefu, mate yake hubadilika: sodiamu hupungua na potasiamu huchukua nafasi yake, ili sodiamu ihifadhiwe kwa kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo tumbo lile kubwa la kwanza ni kama benki ya sodiamu anayoweza kuikopa wakati wa njaa.

Zile gramu 300 basi huenda wapi? Maziwa huchukua sehemu. Kila lita ina potasiamu kama gramu moja na nusu, kwa hivyo ng'ombe wa lita 20 hutoa gramu 30 kwa siku. Kinyesi huchukua kiasi fulani. Nyingine zote, yaani sehemu iliyo kubwa kabisa, hutoka katika mkojo. Ukitaka kuona kwa macho, chovya karatasi ya litmasi nyekundu katika mkojo wa ng'ombe. Itageuka kuwa buluu. Mkojo wa mla majani una alkali, ile al-qali ya Waarabu, kwa sababu ya potasiamu ya majani. (Mwalimu wa kemia hana budi kukubali jaribio hili, ila kuleta sampuli darasani ni juu yako.)

Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Tuje kwenye balaa.

Ndama anayehara ndiye anayefaa kuangaliwa kwanza, kwa kuwa ndiye tunayempoteza mara nyingi, na kwa kuwa damu yake hudanganya. Ndama wa kilo 40 akihara hadi macho yamezama, huenda amekwisha kupoteza lita tatu za maji na zaidi. Pamoja na maji hayo zimetoka sodiamu, potasiamu na bikaboneti. Mtu angesema, basi potasiamu katika damu yake ni ndogo. Mara nyingi ni kinyume! Bikaboneti ikitoka damu huwa na asidi, na asidi huisukuma potasiamu kutoka ndani ya seli hadi nje. Figo nazo, kwa kuwa damu imekauka na haifiki vizuri, zimeshindwa kuitupa. Kwa hivyo mwili kwa jumla umefilisika potasiamu, lakini ile kidogo iliyobaki imekaa mahali pabaya, nje ya seli, ikiukaba moyo. Ndama hulegea, hawezi kusimama, ukimwekea mkono kifuani moyo unapiga polepole mno kwa mnyama mgonjwa. Watu husema, "Amekufa kwa kuhara." Kilichosimama ni moyo.

Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na kumnyima maziwa ati tumbo lipumzike ni kumwongezea njaa. Dawa ya kunywesha anayoleta daktari wa mifugo ina chumvi, glukosi, kitu cha kuondoa asidi kama bikaboneti, na potasiamu kidogo. Glukosi huamsha insulini, insulini huamsha pampu, bikaboneti huondoa asidi, na potasiamu hurudi nyumbani kwake ndani ya seli. Paketi za watoto wanaohara zinazotolewa katika zahanati zimeundwa kwa wazo hilo hilo. Lita moja ya ile ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Ila kuna onyo moja. Potasiamu ya kunywa hupita tumboni taratibu, lakini potasiamu ikidungwa haraka katika mshipa husimamisha moyo papo hapo. Hakuna mtu anayefaa kuichezea na sindano, hata akiwa ametibu ng'ombe wa kijiji kizima.

Ng'ombe mzima aliyekataa kula ana tatizo la upande wa pili. Chakula ndicho chanzo chake cha pekee cha potasiamu, na figo zake zimezoea kutupa tu, hazijui kubana vizuri. Siku nne au tano bila kula, huku maziwa bado yanatoka, akiba inaisha. Akidungwa mara kwa mara baadhi ya dawa za jamii ya homoni ya tezi ile ya juu ya figo, potasiamu hutupwa kwa kasi zaidi, na matabibu wa mifugo wameona ng'ombe wa namna hiyo akilala chini, misuli imelegea hata shingo haishikiki. Hapo tiba ni kumnywesha potasiamu na kumrudishia hamu ya kula.

Nasi tunafika kwenye nepia. Wafugaji wa Nyeri, hasa huku kwenye mashamba madogo, hufuga ng'ombe zizini na kumletea majani. Samadi na mkojo huenda wapi? Huenda kwenye nepia iliyo karibu na zizi, maana nani ataibeba hadi bonde la mbali? Nepia hiyo hukua mpaka unajificha ndani yake. Na nepia ni mlafi: ikipata potasiamu nyingi katika udongo huifyonza nyingi, hata kupita mahitaji yake. Kisha hukatwa na kupewa ng'ombe yule yule, ambaye huitoa kwa mkojo, ambao hurudi kwenye nepia ile ile. Mwaka baada ya mwaka K ile ile inazunguka kati ya hori na shamba, na kila mbolea ya dukani na kila gunia la chakula cha kununua linaongeza nyingine. Hakuna anayeiona, maana nepia inazidi kupendeza.

Ng'ombe anayekamuliwa huimudu. Shida huja kwa aliyekaushwa, anayesubiri kuzaa. Mwenye ng'ombe kwa mapenzi yake humletea ile nepia nzuri ya karibu na zizi. Anazaa vizuri, ndama anasimama, watu wanafurahi kuhusu dang'a. Usiku huo au kesho yake ng'ombe anayumba, masikio yamekuwa baridi, analala na kupinda shingo ubavuni, hasimami tena. Homa ya maziwa. Jina hili linapotosha, kwa kuwa mwili huwa baridi badala ya moto. Kalsiamu ya damu imeshuka ghafla kwa kuwa maziwa yameivuta yote.

"Daktari, si nilimpa majani mazuri kuliko wote?" mama mwenye ng'ombe huuliza.

"Ndiyo, mama. Majani yenyewe ndiyo tutakayoyazungumza akishainuka."

Potasiamu inaingiaje katika jambo la kalsiamu? Zamani wakulima waliambiwa kwamba kosa ni kumpa kalsiamu nyingi kabla ya kuzaa. Mwaka 1997 Jesse Goff na Ronald Horst, watafiti wa huko Ames, jimbo la Iowa nchini Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa ng'ombe wa Jersey. Walipoongeza potasiamu, au sodiamu, katika chakula cha wiki za mwisho, homa ya maziwa iliongezeka. Walipoongeza kalsiamu, haikuongezeka. Sababu ni ile alkali tuliyoiona kwenye litmasi. Potasiamu nyingi huifanya damu iwe na alkali kidogo zaidi. Damu ikiwa hivyo, mifupa na figo huwa viziwi kwa homoni inayoamuru kalsiamu itolewe mifupani. Siku ya kuzaa matiti yanadai kalsiamu, homoni inapiga mlango wa mfupa, mfupa hausikii. Ng'ombe anaanguka huku ana kilo kadhaa za kalsiamu katika mifupa yake mwenyewe. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitendawili kizuri kuliko vyote katika somo la baiolojia, na ni aibu hakimo katika silabasi.

Daktari humtia kalsiamu katika mshipa, polepole, na ng'ombe aliyekuwa kama mfu huweza kusimama kabla daktari hajamaliza chai. Akichelewa, misuli ya miguu huumia kwa kulaliwa na hasimami tena. Kwa nyumba inayolipa karo kwa maziwa, hiyo ni karo ya mwaka imelala chini. Kinga ni rahisi kuliko tiba: ng'ombe aliyekaushwa asipewe nepia ya kando ya zizi katika wiki tatu za mwisho. Apewe nyasi kavu kama Boma Rhodes, au mabua ya mahindi, au nepia ya shamba lisilotiwa samadi kila wakati. Ile nene waachiwe wanaokamuliwa. Jersey waangaliwe zaidi, kwa maana wao huanguka haraka kuliko wengine, hasa walio wazee. Tena potasiamu nyingi huzuia magnesiamu isifyonzwe tumboni, kwa hiyo ng'ombe anayekula majani machanga yenye potasiamu nyingi anaweza kutetemeka na kukakamaa, jambo ambalo ni ugonjwa mwingine na lina makala yake.

Kwa paka nitasema sentensi moja: dume aliyezibwa na vijiwe asikojoe hujaa potasiamu siku mbili tatu akafa kwa moyo, kwa hiyo ukimwona anachuchumaa bila kitu kutoka usingoje kesho.

Nimemweka mwisho yule aliyetajwa kwenye kichwa cha makala. Kutoka hapa ukapita Naro Moru na Nanyuki, unaingia Laikipia. Kule kuna panya mkubwa, mzito kiasi cha kufikia kilo moja, mwenye manyoya marefu ya kijivu na shungi mgongoni. Wataalamu humwita Lophiomys imhausi. Mbwa akimng'ata anaweza kutokwa povu na kufa kwa moyo. Watu walijua kwamba panya huyu ana sumu, lakini si yake. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tanganyika, na wenzake walieleza siri hiyo: panya hutafuna magamba na mizizi ya mti ambao Wamasai huuita olmorijoi, kisha hujipaka mate yale ubavuni, kwenye manyoya maalumu yanayofyonza kama utambi wa taa. Mwaka 2020 Sara Weinstein na watafiti wenzake, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha habari za panya 25 waliowanasa Laikipia. Panya walitafuna, wakajipaka, wakaendelea na shughuli zao kama kawaida. Tena waliishi dume na jike pamoja, kama bwana na bibi.

Mti huo ndio uliowapa wawindaji wa Afrika Mashariki sumu ya mishale. Waata, Wagiriama na Wakamba waliuchemsha hadi ukawa kama lami nyeusi, na kwa mshale mmoja ndovu alianguka. Mwaka 1888 Mfaransa aitwaye Arnaud aliitenga sumu yenyewe ikaitwa uabaini, kutokana na jina la Kisomali la sumu hiyo. Inafanya nini? Inakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya Skou na kuikwamisha. Pampu isimamapo, sodiamu hujaa ndani, potasiamu hubaki nje, betri ya moyo inakwisha. Ni pampu hiyo hiyo iliyo ndani ya ndama, ndani ya Jersey, na ndani yako unaposoma. Mwindaji aliweza kula nyama ya mnyama aliyempiga kwa sababu uabaini haifyonzwi vizuri na matumbo. Lazima ifike katika damu ndipo iue. Mzee wa Kiwaata hakuhitaji kujua neno pampu ili akate sehemu ya jeraha na kuitupa kabla ya kuchoma nyama.

Kwa wanaojiandaa kwa K.C.S.E. haya hapa maswali ya kujipima, na majibu yaletwe kwa katibu wa Chama. Ng'ombe anayetoa lita 14 za maziwa kwa siku hupoteza gramu ngapi za potasiamu kwa njia ya maziwa pekee? Eleza kwa nini damu ya ndama anayehara inaweza kuonyesha potasiamu nyingi ilhali mwili wake umepungukiwa. Na la mwisho, kwa wenye ujasiri: mfugaji wa Mukurwe-ini ana shamba moja tu la nepia, liko kando ya zizi, na ana ng'ombe mmoja atakayezaa baada ya mwezi. Hana fedha za kununua nyasi kavu. Mshauri afanyeje.